Tupo, Tuko, Tumo: Somo la Mlangoni pa Hekalu

 

Somo letu la Jumamosi hii ni ngeli ya mahali, yaani PA, KU na M. Najua mkishasikia neno "ngeli" baadhi yenu huanza kutazama saa. Nivumilieni kidogo. Somo hili sikulitoa kitabuni. Nimerudi nalo kutoka likizoni, kusini mwa India, na nyumba yetu ililipa ada yake kwa aibu moja ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Aibu yenyewe ilianza kwa herufi moja tu kwenye simu, basi nitawasimulia tangu mwanzo.

Likizo ya katikati ya mwaka wa skuli tulikwenda Kerala. Kutoka Maskati hadi mji wa Thiruvananthapuram ndege inachukua saa tatu na nusu hivi, karibu kuliko kwenda kwetu Unguja. Aliyetualika ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye wanangu wanamwita Chechi. Kwa Kimalayalam, lugha ya watu wa Kerala, chechi ni dada mkubwa. Miaka 9 tumekaa jengo moja. Chumvi ikiniishia nabisha kwake. Yeye akipika samaki, sahani ya kwanza inapanda juu kwetu. Kila mwaka alikuwa anatwambia, "Njooni muone bahari ya kwetu," na kila mwaka tulikuwa na sababu. Mwaka huu sababu zilikwisha.

Tulifikia Kovalam, kilometa 15 hivi kutoka mjini. Ni ghuba ndogo ndogo zilizofuatana, zimetengwa na majabali. Upande wa kusini, juu ya jabali, umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, na usiku mwanga wake ulikuwa ukipita juu ya nyumba tuliyopanga kama mtu anayepunga tochi. Mchanga wa pale si mweupe kama wa Nungwi au Paje. Una weusi ndani yake kwa sababu ya madini, na asubuhi, maji yakishatoka, unaukuta umejichora mistari kama pindo la kanga. Binti yangu alidhani umechafuliwa, akakataa kukaa. Siku ya pili alikuwa amejifukia humo mpaka shingoni.

Siku nne za mwanzo hatukufanya lolote la maana, na ndivyo tulivyotaka. Baba yao alilala chini ya mnazi, gazeti usoni, akasema anasoma. Mimi nilihesabu mawimbi. Watoto waliogelea asubuhi na jioni, ila walifundishwa mapema kutazama bendera ambazo waokoaji wa pwani huchomeka mchangani: penye bendera nyekundu haogi mtu, kwa sababu mkondo wa pale unavuta. Bahari ilikuwa imetulia. Huo ni msimu wa upepo wa kaskazi, unaovuma kutoka bara la India kwenda baharini, na pwani ile ya magharibi inakuwa imekingwa. Mwanzoni mwa Juni mambo hugeuka. Upepo ule ule tunaouita kusi huwafikia wao na mvua kubwa, na wavuvi huvuta vyombo vyao juu mchangani. Kwa pepo hizi mbili wazee wetu walikwenda India na kurudi karne nyingi kabla ya ndege. Hata Vasco da Gama, alipoondoka Malindi Aprili 1498, alipewa rubani aliyeijua njia, na hazikutimia siku 30 akawa yuko Kozhikode, kaskazini mwa Kerala hiyo hiyo. Yeye ndiye anayetajwa vitabuni. Rubani wake mpaka leo watu wanabishana alikuwa nani.

Kila alfajiri wavuvi walivuta juya. Mtumbwi unatoka na wavu, unazunguka, unarudi, kisha kamba mbili zinavutwa kutoka nchi kavu, watu kumi na zaidi kila upande, huku wanaimba ili wavute kwa pamoja. Wanangu walishika mkia wa kamba wakavuta nao. Kwa saa nzima ya jasho kilichotoka ni kikapu kimoja cha dagaa na pweza mmoja mwenye hasira. Kijana wangu aliuliza, "Ndiyo yote?" Mzee mmoja wa wavuvi hakukifahamu Kiswahili lakini aliifahamu ile sura, akacheka mpaka akakaa chini.

Tuje kwenye nazi, maana hapo ndipo tulipojiona tuko kwetu. Mama yake Chechi anakaa kijijini, kando ya maji ya ndani, yale maziwa na mifereji mirefu iliyo nyuma tu ya ufuo. Tulipofika tulimkuta amekalia mbuzi anakuna nazi. Naam, mbuzi yenyewe: kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno. Wao wanaiita chirava. Alikamua tui la kwanza akaliweka kando, akakamua la pili, akapikia samaki tui jepesi kwanza, lile zito mwisho kabisa, moto ukishapunguzwa. Mama yangu angesimama pale mlangoni asingekuwa na neno la kumkosoa, na mama yangu hukosoa. Asubuhi tulikula vikate vya duara vya unga wa mchele, ndizi na sukari guru, vimekaangwa katika chuma chenye vishimo. Wanaviita unniyappam. Binti yangu aliviona akapiga kelele, "Vitumbua!" Hakuna aliyembishia.

Wazazi, nawaomba jambo moja. Watoto wetu wa huku wanajua maneno mawili tu, nazi na dafu, na la pili wengine wanalijua kwa sababu limeandikwa kwenye chupa. Wafundisheni safari nzima ya tunda hili: kidaka, kile kidogo ambacho upepo unakiangusha, kisha kitale, kisha dafu lenye maji matamu, kisha koroma, ambalo si dafu tena na nazi bado, kisha nazi yenyewe, na nazi ikikaushwa, nyama yake ni mbata. Nilipomtajia mama yake Chechi haya yote kwa vidole, Chechi akitafsiri, yeye naye alinitajia ya kwao, moja baada ya moja. Watu hawapi jina kila hatua ya kitu wasichokipenda.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na harufu mbaya. Watoto waliziba pua. Mimi niliijua mara moja: makumbi yaliyooza majini. Kule Unguja wanawake wa pwani wanayafukia mchangani, maji yanajaa na kutoka juu yake kwa miezi, kisha wanayafukua, wanayaponda kwa magongo mpaka unabaki usumba mtupu, na usumba unasokotwa kamba. Kerala kazi ni hiyo hiyo, na ni kazi ya wanawake vile vile. Kwa kamba hizo watu wa pande zote mbili walishona vyombo vya baharini bila msumari. Kwetu kilikuwa mtepe. Kwao kipo bado, kinaitwa kettuvallam, jahazi la kufungwa kwa kamba, ingawa siku hizi vingi hubeba watalii badala ya mchele. Na nyinyi wa Maskati mmekwisha kukiona chombo cha namna hii, pengine bila kujua. Ile jahazi iliyowekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan ni Sohar. Iliundwa Sur mwaka 1980, mbao zake zimetoka pwani ya Malabar, zikashonwa kwa kamba za usumba, na ikasafiri mpaka China. Mkipita tena, mwambieni baba apunguze mwendo.

Siku ya tano Chechi alisema anakwenda hekaluni kuweka nadhiri ya mama yake, akatuuliza kama tungependa kumsindikiza.

Hekalu lenyewe ni la Padmanabhaswamy, katikati ya Thiruvananthapuram, na mji umepata jina kwalo: maana yake ni mji wa mtukufu Ananta, nyoka ambaye mungu Vishnu amelala juu yake. Mwaka 1750 mfalme wa Travancore, Marthanda Varma, aliukabidhi ufalme wake wote kwa mungu huyo, na tangu hapo wafalme wa ukoo ule walijiita watumishi wake. Mbele kuna bwawa pana lenye ngazi za mawe. Juu ya lango kuna mnara wa orofa saba uliojaa sanamu kutoka chini hadi juu, na kijana wangu alijaribu kuzihesabu akapotea orofa ya pili. Anayeingia ana mavazi yake: wanaume shuka nyeupe kiunoni na kifua wazi, wanawake sari au shuka. Simu haiingii. Na asiye Mhindu haingii. Limeandikwa pale langoni.

Chechi alikuwa amevaa sari nyeupe yenye pindo la dhahabu. Alitukabidhi simu na mkoba wake, akampa viatu mzee anayevitunza, akamshika mama yake mkono, wakaingia. Sisi tukabaki.

Kijana wangu akanuna. "Kwa nini sisi hatuingii? Chechi mbona aliingia Msikiti wa Sultani Qabus tulipompeleka?" Ni kweli, aliingia, kichwa kimefunikwa, na alikaa kwenye zulia akitazama ile taa kubwa mpaka shingo ikamuuma. Baba yao alimwambia, "Na Makka je? Barabara ya kwenda Makka ina kibao kinachowageuza wasio Waislamu." Kijana alifikiri. "Basi kila mtu ana mlango wake," akasema, ila bado amenuna.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa mama yangu, bibi yao, yuko Unguja. Binti yangu aliidaka kabla yangu, akabonyeza ili sauti isikike na wote.

"Halo, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mko wapi leo, mbona kelele?"

"Tumo hekaluni, Bibi!"

Kimya.

"Mumo wapi?"

"Hekaluni! Hekalu kubwa, lina nyoka. Na Chechi yupo."

"Mumo humo mnafanya nini? Mama yako yuko wapi? Hebu nipe mama yako."

Nilikuwa nanyoosha mkono nichukue simu, na wakati huo huo Chechi akatokea langoni, ana sandali kwenye paji la uso, anatabasamu. Sauti ya mama yangu ikajaa barabara nzima: "Mwanangu, najua ni jirani mwema. Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Lakini ndiyo mumfuate mpaka humo?"

Niliizima simu. Nimechelewa.

Neno Banyani halihitaji mkalimani kwa mtu aliyekaa Maskati. Waarabu wa hapa wanalo, nasi tunalo. Chechi alinitazama. "Amesema nini juu yetu?" Ningeweza kusema uwongo, na ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuutengeneza. Lakini binti yangu alikuwa amesimama katikati yetu, anatazama mdomo wangu. Basi nikamtafsiria neno kwa neno: kwamba Banyani ni mbaya lakini kiatu chake ni dawa, na kwamba kwetu husemwa pale mtu usiyempenda anapokuwa na kitu unachokihitaji.

Chechi alitazama miguu yake. Alikuwa peku. "Kiatu changu kipo pale kwa yule mzee," akasema. "Mwambie mama, akiumwa nitampelekea." Akacheka, nasi tukacheka, lakini kicheko chake kilikwisha kabla ya chetu.

Tulikunywa chai kando ya bwawa. Kijana wangu, ambaye kununa kwake kulikuwa kumegeuka kuwa udadisi, alimuuliza mle ndani mna nini. Chechi alimweleza kwamba mle mna taa nyingi za mafuta, mna nguzo za mawe zilizochongwa, na sanamu ya Vishnu aliyelala ina urefu wa mita tano na zaidi, hata huwezi kuiona yote mara moja. Kuna milango mitatu. Mlango wa kwanza unaona kichwa, wa pili unaona kitovu, na kitovuni mwake limechipuka yungiyungi, wa tatu unaona miguu. Jina Padmanabha maana yake ndiyo hiyo: mwenye yungiyungi kitovuni.

Kisha akasema, "Usinune. Mama wa bibi yangu naye alisimama hapo uliposimama."

Alikuwa Mhindu, lakini wa tabaka lililohesabiwa kuwa la chini. Enzi hizo watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kuingia hekaluni, na mahali pengine hawakuruhusiwa hata kupita barabara inayozunguka hekalu. Mwaka 1924, katika mji wa Vaikom, watu walianza kuziendea barabara hizo kila siku kwa amani, wakikamatwa na kufungwa, na hawakuacha kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Gandhi mwenyewe alikwenda Vaikom mwaka 1925. Zikafunguliwa barabara kadhaa, mahekalu bado. Mpaka tarehe 12 Novemba 1936 ndipo mfalme kijana wa Travancore alipotangaza kwamba Mhindu yeyote, wa tabaka lolote, ataingia katika mahekalu ya serikali yake. Mama wa bibi yake Chechi alitembea kutoka kijijini siku chache baada ya tangazo. Alipofika langoni miguu ikamgomea. Alisimama pale mpaka jua likazama.

"Akaingia?" kijana wangu akauliza.

"Siku ile hakuingia. Aliingia kesho yake."

Jioni, tuliporudi Kovalam, nilichukua kijiti nikachora duara kubwa mchangani, nikamwita binti yangu. Somo lenyewe ndilo hili, na wazazi mnaweza kulifanya nyumbani kwa kanga iliyotandikwa chini.

Simama ukingoni mwa duara, mahali ninapoweza kukunyooshea kidole. Hapo ni PA. Tunasema hapa, hapo, pale. Upo. Sasa nenda zako kule kwenye mitumbwi, popote upendapo, nisijue hasa ni wapi. Huko ni KU. Tunasema huku, huko, kule. Uko. Sasa ruka ndani ya duara. Humo ni M. Tunasema humu, humo, mle. Umo.

Neno "hekaluni" peke yake halisemi umesimama wapi. Kiambishi -ni kinatupeleka mahali, halafu kinatuacha. Inabaki kazi ya PA, KU na M kusema kama tuko nje, ndani au upande ule kwa jumla. Tazama maneno yanavyofuatana: mlangoni palikuwa na watu wengi; mjini kulikuwa na joto; hekaluni mlikuwa na taa. Tena: mlangoni pa hekalu, nyumbani kwa Bibi, kitovuni mwa sanamu. Ukilishika hili, hata kuuliza kutakunyookea. Bibi aliuliza "Mko wapi?" kwa KU kwa sababu hajui tulipo. Jibu sahihi lilikuwa: "Tupo mlangoni pa hekalu, na Chechi yumo." Binti yangu alibadilisha yote mawili. Akatuingiza sisi tusioingia, akamtoa nje Chechi aliyekuwamo.

Watoto wetu wengi huku ughaibuni hutumia "yuko" kwa kila kitu, na tunawaelewa, maziwa yako kwenye friji, paka yuko sandukuni. Siwakatazi. Lakini siku moja mtu atakuwa na haja ya kujua kama paka yumo au yuko tu.

Kuna maneno ambayo -ni hayaitaki. Majina ya nchi na miji hayaipokei: husemi "Keralani", unasema Kerala kuna minazi. Neno pwani limekwisha kuwa la mahali lenyewe.

Usiku ule binti yangu alimpigia bibi yake mwenyewe, safari hii bila ya kuitoa sauti nje, ingawa nilikaa karibu. "Bibi, asubuhi tulikuwapo, hatukuwamo. Chechi ndiye aliyekuwamo." Akasikiliza. Kisha akasema, "Ndiyo, Bibi, kasikia." Akasikiliza tena muda mrefu. Alipomaliza alinipa salamu alizopewa: Bibi anaomba amwambie Chechi amsamehe, ulimi wa mtu mzima una mazoea mabaya, na hicho kiatu kama kipo kweli akilete, magoti yanamsumbua.

Chechi alizipokea. Sasa anataka kujua kiatu cha mguu upi.

Sasa, ile methali. Imo vitabuni mwetu, na wengi wenu wazazi mlifundishwa kama nilivyofundishwa mimi, kwa kuikariri. Sitaikata kwenye kitabu cha darasa, kwa sababu mtoto ataisikia tu, harusini au dukani, na afadhali aisikie kwanza kwetu. Nitafundisha maana yake, na nitafundisha pia kwamba nusu yake ya mwisho inamsifu mtu na nusu yake ya mwanzo inamtukana kwa kabila lake kabla hajafanya lolote. Kuitumia, mimi nimeacha. Mzazi anayeona nimezidisha, karibu tuzungumze. Najua wapo, mmoja wao namwita mama.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tutenganishe majina haya ambayo watoto huyachanganya. Mhindi, wingi Wahindi, ni mtu wa India, wa dini yoyote. Kerala wapo Wahindi Waislamu, Wahindi Wakristo na Wahindi wanaofuata dini ya Kihindu. Vizhinjam, bandari ya wavuvi kando ya Kovalam, utaona msikiti na kanisa vinatazamana na bahari moja. Mhindu, wingi Wahindu, ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Na mhindi kwa herufi ndogo, wingi mihindi, ni mmea unaozaa mahindi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba mjomba wake amepanda Wahindi shambani.

Maneno mengi ya Kihindi tunayo kinywani kila siku: gari, chapati, bajia, achari, bima, laki. Hayo yametoka kaskazini mwa India, si Kerala. Ila na Kimalayalam tuna mkwe mmoja, Mreno. Alipita kwao na kwetu, akaacha maneno. Wao meza wanaiita mesha. Tunda letu la pera wao wanaliita perakka. Mreno mwenyewe akisema pera anakusudia tunda jingine kabisa, lakini sisi na Wamalayali tulikwisha kukubaliana bila kuonana.

Kazi ya nyumbani

Kwanza, jaza po, ko au mo, na usimuulize mtu: Viatu vya Chechi vi... pale kwa mzee. Bibi yu... Unguja. Samaki wa... chunguni. Sisi tu... mlangoni pa hekalu, yeye yu... ndani. Tui li... bakulini. Wavuvi wa... baharini, sijui upande gani.

Pili, andika sentensi tatu zenye neno "msikitini", "kanisani" au "hekaluni", moja ya PA, moja ya KU, moja ya M. Msomee mzee wa nyumbani. Akikunja uso, anza upya.

Tatu, kwa wakubwa: tafuta methali nyingine inayotaja watu wa kabila au nchi fulani. Andika inasema nini, inakusudia nini, na kama ungeweza kuitafsiri mbele ya mtu wa watu hao akiwa amekutazama.

Majibu yaje kwa mwandiko wa mkono. Jumamosi nitaleta nazi tatu na mbuzi ya mama yangu, na atakayechanganya yupo na yumo ndiye atakayekuna. Chechi ameahidi kuja kupika vitumbua vya kwao. Tutakuwapo tangu saa tatu asubuhi.